Kuelea kwa Bei Nafuu

Kwa miaka thelathini na mbili Kizibo alikuwa fundi bomba, na wapiga chumvi walisema bomba likimwona tu anakata kona na mkoba wake, linaacha kuvuja lenyewe kwa heshima. Jina lake la cheti lilijulikana na mama yake na watu wa kodi. Wengine wote walimwita Kizibo, naye akaitika. Halafu yakaingia mabomba ya plastiki, yale ya kuunganishwa kwa gundi. Vijana wenye kopo la gundi na msumeno wa mkononi wakawa wanamaliza kazi ya kutwa kabla chai haijapoa. Mabomba ya chuma, ya kukazwa kwa spana mpaka mshipa wa shingo usimame, yakabaki kwenye nyumba chache za wazee wabishi. Mwezi mzima Kizibo alipata kazi moja, nayo ilikuwa ya choo cha nyumbani kwake, na mwenye nyumba hakulipa.

Ndipo ofisi ya maji ikatangaza kwamba inatafuta mzamiaji.

Nyuma ya ofisi hiyo, chini ya majani yaliyokatwa vizuri, kulikuwa na tangi la zege ambalo mji mzima ulikunywa kutoka humo. Kina chake kilikuwa mita sita, nguzo arobaini zilibeba dari, na mlango ulikuwa mmoja tu, tundu la mraba lenye ukubwa wa meza ya watu wanne. Kila mwaka mzamiaji alishuka na kufyonza tope la sakafuni kwa bomba nene, huku watu huko nje wakiendelea kuoga na kupika bila habari. Tope lenyewe lilikuwa jepesi kama poda ya mtoto. Ukiligusa kwa kidole cha mguu linanyanyuka, na kabla hujajuta limeshaingia kwenye glasi za watu. Kwa hiyo mzamiaji wa pale hatembei wala hapigi miguu. Ananing'inia katikati ya maji kama picha ukutani, hapandi, hashuki, anafyonza.

Mkaguzi wa maji, mwanamke mwembamba asiyecheka siku za kazi, alikuwa na mashine ya kupima uchafu majini, yenye mshale. Mshale ukivuka alama nyekundu, mkataba unaishia hapo hapo. Usipovuka, desturi ya ofisi ni kwamba glasi ya kwanza anakunywa mzamiaji mwenyewe, mbele ya mkaguzi, mpaka tone la mwisho. Sharti la tatu lilikuwa chini ya karatasi ya tangazo, kwa herufi ndogo: mzamiaji aje na vifaa vyake.

Kuzamia Kizibo alikuwa ameshafundishwa. Mwalimu wa bwawa la kuogelea, mama mmoja mwenye mabega kama mlango, alimfundisha miezi mitano kwa malipo ya kumrekebishia mabomba yote ya bwawa. Alijifunza haraka, isipokuwa tabia moja iliyokataa kutoka. Sheria ya kwanza ya fundi bomba ni kwamba jambo likiharibika unakimbilia koki kubwa na kuifunga, mengine baadaye. Sasa kila kitu kilipokwenda kombo chini ya maji, mkono wa Kizibo ulipanda nyuma ya kisogo kutafuta koki ya mtungi. Mwalimu aliupiga mkono ule hadi akachoka.

"Mdomo wako uko kwenye bomba hilo hilo," alimwambia siku moja, wakiwa wamekaa ukingoni miguu ikichezea maji. "Ukifunga hiyo, umejifunga wewe. Itie akilini, la sivyo mkeo atanidai mume."

Mtungi na mashine ya kuvutia pumzi Mwalimu alikubali kumwazima. Vazi la kuelea hapana, kwa sababu la bwawa haliruhusiwi kutoka bwawani. Na vazi ndilo kazi yenyewe. Ndilo lenye mfuko wa hewa mgongoni, na mpira unaoleta hewa kutoka mtungini. Ukibonyeza kitufe kimoja unapanda, ukibonyeza kingine unashuka, na ukijua kupima unabaki pale pale ulipo. Mke wa Kizibo, fundi cherehani, alikuwa ameweka akiba ya kununua cherehani ya umeme. Aliitoa, akaiweka mezani, akasema hataki kusikia hotuba. Kilichobaki kilikuwa kuichagulia kitu ambacho hakitamuua mtu. Siku zilizobaki zilikuwa nne.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa na duka la vitu vilivyotumika. Humo kulikuwa na feni, viti vya magurudumu, gitaa lisilo na nyuzi, na kwenye msumari wa mwisho mavazi ya kuzamia aliyoyapata kwenye mnada wa hoteli iliyofilisika. Alimvalisha Kizibo koti moja la bluu, nene, lenye mifuko saba na zipu kila mahali, akamgeuza mbele ya kioo, akasema anafanana na bwana harusi. Kizibo mwenyewe alijiona, akavuta tumbo ndani. Bei ilikuwa ndogo kuliko alivyoogopa.

"Livue, tulitie majini," Mwalimu alisema kutoka mlangoni.

Alilijaza upepo mpaka likakaza, akalizamisha kwenye pipa la maji la uani na kulikalia. Kwanza hakukuwa na kitu. Shemeji akaanza kutabasamu. Halafu chini ya mshono wa bega ukatoka mstari wa viputo vidogo, kimoja kimoja, vya taratibu, kama mtu anayenong'ona. Shemeji akasema hivyo ni viputo vya unyevu tu, vitakauka. Mwalimu akamwuliza kama yuko tayari kushuka nalo yeye, na shemeji akakumbuka kwamba ana mteja wa feni.

Walichokinunua hatimaye hakikumfananisha mtu na bwana harusi. Kilikuwa mfuko mweusi mtupu wenye umbo la kiatu cha farasi, usio na mto wala mapambo, ambao ulikaa pipani nusu saa bila kutoa hata kiputo. Bamba la chuma kisichoshika kutu walilipata kwenye mashine mbovu ya kuoshea vyombo hapo hapo dukani. Mchomeleaji wa jirani akalikata, akalitoboa, akalisugua kingo. Mfuko na mtungi vingefungwa juu yake, na uzito wa chuma chenyewe ungempunguzia Kizibo vyuma vya kiunoni vya kumzamisha. Mkanda wa kulivaa ungeshonwa nyumbani. Gharama yote ilikuwa chini ya ile ya koti.

Penye mpira wa hewa ndipo waliposhindana. Dukani ilikuwepo miwili. Mmoja ulichomoka kwenye kitufe kwa pete nyembamba ya kuvuta kwa kucha. Mwingine ulikuwa na pete nene yenye meno, inayoshikika hata kwa glavu, na shemeji aliutajia bei mara tatu ya ule mwembamba. Kizibo alisema mpira ni mpira. Hapo mkewe, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu akijisukuma mbele na nyuma, akasimamisha kiti.

"Bana matumizi popote unapotaka," alisema. "Kwenye kitu cha kukutoa huko, usibane. Na wewe kaka, hiyo bei yako irudishe ulikoitoa."

Shemeji akairudisha nusu ya njia. Wakanunua wenye pete nene.

Siku mbili zilizofuata nyumba ilinuka mafuta ya cherehani. Mke alishona mkanda mmoja mrefu wa kupita mabegani na kiunoni, akaukaza kwa mishono minne minne. Akauliza kile kidude chenye vitufe kinachoning'inia kifuani kitakuwa kinakwenda wapi kila mara, kama ulimi wa kengele. Bila kungoja jibu akakishonea kitanzi kwenye mkanda wa bega, kikakaa imara. Kwenye kamba ya nyuma ya mfuko, ile ambayo ukiivuta hewa yote inatoka, akafunga kifungo kikubwa cha koti la kike, chekundu, ili mkono ukipapasa nyonga usibabaike.

Ijumaa mchana Mwalimu alileta mashine ya pumzi. Akamwonyesha tundu ambamo mpira wa hewa ungefungwa kwa hesi, ile mikato ya kuzungushia na kukazia, na pete ndogo ya mpira laini iliyokuwa shingoni mwa mpira huo. Akaeleza kwamba hiyo pete ndiyo inayozuia hewa, si kukaza. Kaza kwa vidole, kisha spana iguse tu. Kizibo akaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayefundishwa kula.

Mwalimu alipoondoka, Kizibo aliangalia zile hesi. Zilikuwa uchi. Katika miaka thelathini na mbili hakuwahi kufunga hesi uchi. Angeweza kutoka yeye uchi barabarani lakini si hesi yake. Kwenye mfuko wa kifuani wa shati lake, mahali ambapo wengine huweka kalamu, kulikuwa na kidonge cha tepu nyeupe ya mabomba kilichokuwepo tangu shati la kwanza la kazi. Akaitoa. Akaizungusha kwenye hesi mara tatu, kwa kufuata mzunguko, akailainisha kwa ukucha wa gumba. Akakaza. Kipande kidogo tu cha tepu kilichomoza mbele, chembamba kama utando wa buibui, kikakatika na kuingia ndani. Kizibo alitazama kazi yake akaridhika. Hakumwambia mtu, kwa kuwa hakuona la kusema.

Jumamosi saa tatu asubuhi walikuwa juu ya tangi. Vifaa vyote vilikuwa vimeoshwa kwa klorini mpaka macho yanawasha. Mkaguzi alisimama na mashine yake, saa mkononi. Ofisi ingefungua koki za kwenda mjini kwa nguvu saa sita kamili, na kufikia hapo sakafu iwe safi. Mwalimu alikuwa amevaa tayari vifaa vyake vya akiba, akiwa ameshika kamba iliyofungwa kiunoni kwa Kizibo. Mvuto mmoja ulikuwa salama. Miwili, nitoe taratibu. Minne, njoo. Mke alikagua mishono yake mara ya mwisho, sindano ikiwa imechomekwa kwenye kola ya gauni lake, akapokea shati la mumewe na kulikunja.

Chini kulikuwa na giza la kijani na baridi ya kuuma meno. Kizibo aliwasha taa ya kichwani. Akashuka pole pole, akabonyeza kitufe kidogo, akaacha, na mita moja juu ya tope akasimama. Alisimama kweli. Bamba lilikuwa limemkaa mgongoni kama mkono wa mzazi. Akaelekeza bomba la kufyonza, na zege likaanza kutokea chini ya tope, jeupe, upana wa kitanda, kisha upana wa chumba. Akazunguka nguzo ya kwanza, ya kumi, ya ishirini na sita. Kila alipovuta pumzi alipanda kidole kimoja, alipoitoa akashuka kidole kimoja. Akafikiri kwamba kama vijana wa gundi wangemwona sasa, wangetafuta kazi nyingine.

Alikuwa kama hatua thelathini kutoka mlangoni alipoona anashuka kidogo, akabonyeza kitufe kwa pumzi ya nusu sekunde, akakiachia.

Hewa haikuacha.

Ilikuja na mlio wa nyoka, ssss, ikiingia mfukoni. Alibonyeza tena akidhani kimekwama, akakipiga kwa gumba, na mlio ukaendelea vile vile. Mabega yakaanza kuvutwa juu. Tope likaanza kuwa mbali. Nguzo zilizokuwa zimetulia sasa zilishuka kando yake, zenyewe, kama lifti ya jengo refu, na juu, kwenye mwanga wa taa, dari la zege likaanza kuja na vyuma vyake vilivyochomoza.

Mkono wa kulia ulikuwa na bomba la kufyonza. Akiliachia lingejipiga sakafuni kama mkia, na mji wote ungekunywa uji. Mkono wa kushoto, bila kumwuliza, ulikuwa umeshapanda nyuma ya kisogo. Vidole vikaifikia koki ya mtungi. Vikaishika. Vikaizungusha robo, na robo nyingine, kama vilivyofanya kwenye nyumba elfu, na pumzi aliyokuwa akiivuta ikaanza kuwa nzito, kama kunyonya asali kwa mrija.

Mdomo wako uko kwenye bomba hilo hilo.

Akasimama hapo, kwa muda mfupi kuliko kupepesa macho, ingawa baadaye aliuhadithia kama juma zima. Akairudisha koki ilikotoka. Akafungua koo na kuanza kutoa pumzi, aaaa, bila kukoma, maana hewa iliyobanwa kifuani mtu akipanda inavimba na kupasua. Mkono ukashuka hadi bega, na pale pale mkewe alipopashona, kile kidude kilikuwepo, hakikuyumba. Akaikamata pete yenye meno kwa vidole vitatu vya glavu, akavuta. Kitanzi kikashikilia upande mmoja, yeye akivuta upande wa pili. Pete ikarudi nyuma, mpira ukachomoka, na ule mlio wa nyoka ukakatika.

Lakini mfuko ulikuwa umejaa na dari liliendelea kuja. Akainamisha kichwa, akapapasa nyonga. Chuma. Mkanda. Chuma. Kifungo. Kifungo cha koti la kike, chenye matundu manne, hakikuwahi kushikwa kwa mapenzi vile na mwanamume yeyote. Akakivuta. Hewa ikatoka nyuma kwa mngurumo wa aibu, na mtungi wake ukaugusa mwisho wa chuma cha dari, tiki, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kisha akaanza kushuka. Akafunga, akapima, akasimama. Bomba la kufyonza lilikuwa bado mkononi. Chini, tope lilikuwa limelala.

Alivuta kamba mara mbili.

Alitoka tunduni, akatoa mashine ya pumzi mdomoni. Mkaguzi alitazama mashine yake: mshale ulikuwa haujasogea. Akamwambia kazi ni nzuri lakini imebaki theluthi, akamwuliza amepandia nini. Kizibo angeweza kusema misuli ya miguu imekaza. Neno lilikuwa mdomoni, tayari, na Mwalimu hakuwa ameona chochote zaidi ya kamba kulegea na maji kuchemka kidogo. Alimtazama mkewe, aliyekuwa ameshika shati, na kwenye mfuko wa shati kidonge cha tepu kilikuwa kimetuna kama kawaida.

"Nimefunga hesi kwa tepu," alisema. "Mpira wa hewa. Ulijaza wenyewe, ukanipeleka darini."

Mwalimu alimgeuza. Alimvua mtungi, akafungua mpira, akafungua kitufe, akaomba sindano. Mke akaitoa kwenye kola. Mwalimu akachokoa ndani ya kile kidude, taratibu, na ncha ya sindano ikatoka na uzi mweupe, laini, urefu wa ukope. Akauweka kwenye kiganja cha Kizibo. Wote wanne wakauinamia. Kwa ukubwa ule hata sisimizi asingeubeba kwa fahari.

"Hiki?" mkaguzi aliuliza.

"Hicho," Mwalimu alijibu. Alikuwa amekasirika kiasi cha kuwa mpole. Aliitoa tepu yote kwenye hesi, akapuliza, akaangalia kwa taa, akapuliza tena. Kisha akaliziba tundu la mpira wa hewa kwa kizibo kidogo cha chuma kutoka kwenye mkoba wake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuna aliyetania. Akasema kama Kizibo anataka kurudi, atarudi bila mpira wa hewa kabisa. Mfuko ataupuliza kwa mdomo, kidogo kidogo, kama walivyokuwa wakifanya wa zamani. Hakuna kitakachojaza chenyewe. Na kama hataki, hakuna atakayemcheka, isipokuwa shemeji yake.

Mkaguzi alitazama saa. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi. Alisema ukweli hauna kisanduku kwenye fomu yake, kwa hiyo hataujaza. Atajaza mshale tu.

Kizibo alikaa ukingoni mwa tundu. Mkewe alimwambia kwa sauti ya chini kwamba cherehani ya zamani bado inashona, asishuke kwa ajili yake. Akajibu kwamba anajua. Akakaa kidogo tena. Kisha akapapasa nyonga akakipata kifungo, akapapasa tena akakipata tena, akatia mashine mdomoni na kushuka.

Theluthi ile ilikuwa ndefu kuliko yote. Kila kiputo kilichopita sikioni kilimfanya asimame na kusikiliza. Alipohitaji hewa mfukoni alitoa mashine mdomoni, akapuliza robo ya pumzi, akairudisha, akahesabu. Mara mbili mkono wa kushoto ulianza safari ya kwenda kisogoni, na mara mbili akauita ukarudi. Nguzo ya arobaini ilipotokea kwenye mwanga, chini yake kukiwa na zege tupu, aliigusa kwa kiganja kama mtu anayesalimia ndugu aliyepotea, akavuta kamba.

Saa sita kasoro dakika sita mkaguzi alisoma mshale. Ulikuwa mahali pake. Akaandika, akapiga muhuri juu ya goti, akamsukumia Kizibo mkataba wa mwaka. Halafu akafungua bomba la kupimia lililokuwa ukutani, akajaza glasi, akaiinua kwenye jua. Maji yalikuwa maangavu hata glasi ilionekana tupu.

Kizibo alikuwa ameshavaa shati. Alipokea glasi kwa mikono miwili, akaiinamisha kwa pupa, na nusu ya maji ikamwagika kidevuni na kifuani kabla hajafikisha tone la mwisho. Wakati huo huo akasikia tik, tik, tik. Bomba la ukutani, alilofunga mkaguzi, lilikuwa linadondosha kwenye maungio. Lilikuwa bomba la chuma la zamani, la hesi. Sura yake ikachangamka, na mkono ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa kifuani.

Haukuingia. Akapapasa, akatazama chini. Mfuko ulikuwa umeshonwa juu, kwa uzi mweusi, mishono minne minne, na ndani hakukuwa na kitu.

Mkewe alikuwa akirudisha sindano kwenye kola.

"Unavuja, baba," alimwambia. "Twende ukabadilishe shati."